Bartholomeo Maduhu na Mita ya Chokaa

Bartholomeo Maduhu alizaliwa Kishapu tarehe 14 Juni 1936, mtoto wa tatu wa mzee Maduhu na mama Mageni. Alichunga ng'ombe kwanza, shule ikafuata. Mwaka 1954 alikwenda Ifunda kujifunza ufundi wa umeme, akarudi na cheti na viatu vyake vya kwanza.

Tarehe 9 Januari 1965 alifunga ndoa na Eufrasia. Alikuwa na tabia ya kulamba betri za tochi ili ajue kama bado zina nguvu. Mkewe akamwuliza, "Baba Nyamizi, umenioa mimi au betri?" Akajibu, "Wewe hulambiki, mama."

Mwaka 1979 alihamia Kalangalala, akawa fundi wa mita katika kiwanda kidogo cha kuchenjua dhahabu, ambacho sasa kimefungwa. Dhahabu ilitolewa kwa sianidi, na maji yake lazima yawe na chokaa ya kutosha. Chokaa ikipungua, sianidi hupanda hewani kama mvuke, nao huua. Mita ndiyo iliyosema kama chokaa inatosha.

Mwaka 1981 chipu ya mita hiyo, kile kidude kinachosoma umeme wa kipimo, iliungua. Kipimo cha kioo kinachozamishwa majini hutoa umeme mdogo mno. Chipu ikiunywa hata tone, sindano inadanganya. Bartholomeo alikuwa na chipu mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya kuagizwa Nairobi, kungoja miezi miwili. Nyingine alikuwa nayo kabatini, na kitabu kilisema nayo hunywa kidogo sana. Akaichagua hiyo. Tarakimu ya kitabu ilikuwa ya nyuzi joto ishirini na tano. Chumba cha mita kilikuwa cha bati, mchana kinafika hamsini, na unywaji wa chipu ile huongezeka mara mbili kila nyuzi kumi. Yeye aliijaribu saa moja asubuhi, bati likiwa bado baridi.

Pantaleo, aliyepima na kutia chokaa tangini, alimwambia, "Fundi, hii mita yako mchana inasema uongo. Pua yangu inakataa."

"Mashine haili ugali ikalewa shibe, kaka. Fuata sindano."

Pantaleo akaifuata, chokaa ikapungua. Alhamisi tarehe 22 Oktoba, saa nane mchana, mfanyakazi mwenzao Bujiku alivuta mvuke ule, akaanguka kando ya tangi. Alipona, ila kifua hakikurudi kama zamani. Pantaleo akafukuzwa kwa uzembe wa chokaa. Wiki hiyohiyo Bartholomeo aliweka kipimajoto ndani ya sanduku la mita, akaelewa yote. Aliagiza chipu ya Nairobi, akaibadilisha, akanyamaza. Alinyamaza miaka sita, na usingizi wake ulikuwa mbaya.

Mwaka jana alianza kuugua ini. Mwezi Machi mwaka huu alimwita Pantaleo kutoka Mwakitolyo.

"Shikamoo, kaka. Chokaa yako ilikuwa sawa. Kosa ni langu."

"Marahaba. Hilo nalijua siku zote. Mbona unanipa mimi? Wape walioniita mzembe."

Aliahidi kwenda kuwaambia. Hakuwahi. Alifariki tarehe 3 Mei 1988, baada ya kumwandikisha binti yake maneno haya ninayowasomea na kumwapisha asipunguze.

Ameacha mjane, Eufrasia, watoto wanne na wajukuu wawili. Wengi wenu mliofanya kazi kiwandani mpo hapa leo, kwa hiyo sikieni kwa niaba yake: Pantaleo hakukosea. Alikosea Bartholomeo, na alijua.

Mzee Pantaleo, hatudai jibu kwako leo. Mungu ampokee fundi wetu, naye apate sasa usingizi alioukosa.