Mlima Kwenye Kidole cha Kinyozi

Jua la alasiri lilikuwa limejinyoosha juu ya benchi la kijiweni, na Kinyozi naye alikuwa karibu kusinzia. Duka lake, hatua kumi tu kutoka hapo, lilikuwa limefungwa wiki nzima. Siku ya mwisho kazini, wembe ukiwa kichwani mwa mteja, moyo ulimwenda mbio bila sababu, mikono ikamtetemeka, akatupa wembe na kukimbia. Tangu hapo, akigusa tu kitasa cha mlango, jasho linamtiririka. Muuguzi wa zahanati akamwazima kimashine: kibanio cha kidoleni na kioo kidogo chenye mstari wa kijani unaofuata mapigo ya moyo. "Vuta pumzi polepole mpaka mstari utulie. Mwili utajifunza." Basi kijiwe kizima kikawa kinajifunza naye.

— Umeshuka! Umeshuka! — akapiga kelele Profesa, fundi viatu asiyeshindwa na jambo.

Mstari ukaruka juu.

— Domo lako hilo! — Bi Kahawa akamimina kikombe cha nne cha kahawa. — Kunywa, mwanangu, utulie.

Kinyozi akanywa. Mstari ukazidi kupanda.

— Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, — alisema Profesa. — Yaani vua shati, moyo upate hewa.

— Wee! — Bi Kahawa akadakia. — Moyo unaogopa upweke. Macho mawili, figo mbili, wenyewe mmoja!

— Siyo, — akapinga Profesa. — Moyo huota mchana. Mwenye moyo yuko macho, moyo wenyewe unakimbizwa na simba.

Sauti zao zikawa mbali. Kinyozi aliuona mstari ukiwa kilima chenye nyasi, akakishuka taratibu, miguu mitupu, pumzi kwa pumzi. Raha iliyoje! Ila hakutaka kufika chini, maana chini kulikuwa na duka lake.

— Hamjambo, jamani?

Mtu mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama mbele yao. Akaivua. Kulia kipara safi, kushoto nywele zimesimama.

— Kaka, wiki nzima nalala na kofia. Huku nani atanimalizia?

Bi Kahawa akatazama ndani ya birika. Mstari ulipanda ukatoka nje ya kioo. Kinyozi aliona aibu mpaka machozi yakamlenga. Akabandua kibanio, akambana nacho Profesa kidole, akainuka.

— Mikono bado inatetemeka, ndugu yangu.

— Na mimi shingo inatetemeka. Twende hivyo hivyo.