Mpira wa Mwisho wa Moniteur Télesphore

Katika klabu hii hakuna mtu anayepiga golf kunishinda, ndiyo maana kamati imeniomba mimi niandike habari za Moniteur Télesphore, anayeenda pension leo, tarehe 30 Septemba 1983, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Basi, hapo nimedanganya. Mimi ni Emile, mukubwa wa wakata majani, na sijapiga mpira hata mmoja maishani. Kamati iliniomba kwa sababu wenye diplome wote walisema wako na kazi.

Kwenye karatasi za serikali, iliyokataza majina ya ubatizo, yeye ni Citoyen Cirimwami. Sisi tuliobatizwa naye tunaendelea kumuita Télesphore, na anayetaka kutushitaki atatukuta hapa uwanjani.

Alianza kwa kubeba mifuko ya Wabelgiji. Wao walicheza, yeye akatazama, na jioni akajifundisha kwa fimbo iliyovunjika. Mwaka wa vita ya mamluki alizifukia fimbo zote za klabu chini ya jiko la mke wake, Maman Godelive, akazifukua vita ilipokwisha, zikinuka moshi wa samaki. Ndipo wakamfanya moniteur, mwalimu wa golf.

Miaka ya Zaïre ilipofika, watu wetu wenyewe wakaingia klabuni: wa ofisi, walimu, wafanyabiashara. Hapo kazi ikawa ngumu. Mutu aliyezaliwa upande huu ameshika jembe kabla ya kushika kalamu. Ukimpa fimbo ya golf anaiinua juu ya kichwa na kuishusha wima. Mpira unabaki palepale, udongo unaruka. Citoyen Pascal, mwenye duka la dawa, alichimba mashimo hata tukamuuliza anapanda nini. Alijibu kwamba ni mihogo, na kwamba atatukaribisha kwa mavuno.

Télesphore hakucheka. Alikaa siku nzima akitutazama sisi wakata majani, tulivyosimama mustari mumoja na coupe-coupe zetu, zile panga ndefu zenye ncha iliyopinda. Coupe-coupe haishuki kutoka juu. Inatoka ubavuni, kiuno kinageuka, mikono inafuata, chuma kinapita juu ya udongo bila kuugusa. Tangu hapo kila mwanafunzi wake alianza mustarini mwetu. Asiyejua kukata majani hakupewa mpira. Hivyo ndivyo wakubwa wa mji huu walivyojifunza golf, na ndivyo mimi nilivyopata wafanyakazi wenye tai.

Sasa nitaandika jambo zito. Mwaka huu, wiki ya Pasaka, mkono na mguu wake wa kuume vililala. Daktari alisema ashukuru Mungu kwa kuweza kusimama. Lakini mnajua desturi yetu: anayeacha kazi hapa anapiga mpira mumoja kutoka kilimani, kuelekea ziwa, mbele ya wote. Kamati, kwa huruma, ilipanga Maman Clémence, katibu wetu, ampigie. Télesphore alikataa. Alisema, "Kama siwezi kuupiga mimi, basi miaka yote hii nilifundisha kwa mudomo, kama radio."

Akaja kusimama mwisho wa mustari wetu, kama anayeanza leo. Mwezi wake wa kwanza mustarini, majani yaliinama tu mbele yake. Nikamwambia yanamsalimia, akacheka kwa upande mumoja wa uso. Alianguka. Tulizoea kutomkimbilia, maana alitukataza. Mwezi wa Agosti, asubuhi moja, niligeuka nikaona nyuma yake njia iliyokatwa safi, nyembamba, ya mutu mumoja. Polycarpe, jirani yake mustarini, alivua kofia, akaivaa tena, tukaendelea.

Mpaka naandika haya, hajagusa mpira. Leo atagusa. Naomba wote mnaosoma karatasi hii: akisimama pale juu, musipige makofi mapema, na musimpe mkono wa kumshika. Mpira ukifika ziwani au ukibaki miguuni pake, hiyo ni yake.

Papa Télesphore, asante kwa wote uliowasimamisha vizuri. Wewe na Maman Godelive mukae salama Sange, kule bondeni, kwa binti yenu, mulale vizuri, mule muchele wa bonde, na joto la huko lisiwazidi.

Kitu kimoja tu. Coupe-coupe niliyokuazima ni yangu, umeitia mapengo kwenye mawe, na uliniahidi kuinoa. Makofi ya leo si malipo. Kabla ya kupanda lori kesho, inoe mwenyewe, kwa mkono ule wa kuume, uniletee. Nitakungoja mustarini. Hata ukichukua asubuhi nzima, nitakungoja.