Ramani ya Theluji Yakataa Kufunguka

Kwenye karakana ya mji wa Tamarack Falls, Minnesota, benchi liko ndani, ubavuni mwa mtambo wa joto. Wenye benchi ni wawili: Orrin, dereva wa gari la kukwangua theluji, aitwaye Hakimu kwa sababu hajawahi kukosa hukumu, na Duane, fundi wa breki, aitwaye Sukari kwa vile vijiko sita katika kahawa yake. Saa tatu asubuhi Marlys, karani wa karakana, aliwashukia akihema.

— Imenikataa tena! Eti "Huna ruhusa." Mimi! Folda nimeitengeneza kwa mikono yangu!

— Umeizima kompyuta ukaiwasha? Hakimu aliuliza.

— Mara tatu.

— Basi ni baridi. Ruhusa zinapita kwenye waya, waya umeganda. Zimekwama pale duka la chambo cha samaki.

— Acha kamba, Hakimu! Sukari alicheka. Barua pepe zinapita waya huohuo. Kwani zenyewe zimevaa koti?

Marlys hakucheka. Dhoruba ilitarajiwa saa sita, madereva wanane wanasubiri, na ramani mpya ya njia zao ilikuwa kwenye seva tu. Ile ya zamani, ya karatasi, ingewapeleka moja kwa moja kwenye daraja lililobomolewa Agosti.

— Nimejaribu kompyuta ya Sukari, imekataa. Ya bosi, imekataa.

— Hata bosi? Hakimu alishusha kikombe. Basi hiyo seva imegoma. Ina chama chake cha wafanyakazi.

— Si mgomo, ni wivu, alisema Sukari. Juzi Marlys uliisifia printa mpya mbele yake. Nilikuwepo! Ulisema "mrembo kweli." Sasa nenda kaiombe radhi.

— Nikaiombe radhi seva?

— Kwa magoti. Na uende na donati.

— Donati ya nini? Hakimu alifoka. Hawa ni wale jirani zetu, watu wa mji wa Birch Lake! Wametuibia njia ili theluji yao waje kuimwaga kwetu!

Kilichomtisha Marlys ni kwamba lile la donati lilianza kumwingia akilini.

Hapo akaingia Pahoua, dereva mpya, wiki yake ya kwanza kazini, amekuja kuulizia njia yake. Alisikiliza kidogo akiwa amesimama.

— Dada Marlys, jana ilifunguka?

— Asubuhi, ndiyo.

— Halafu ukabadili nini?

Marlys alijikuna shingo.

— Nilifunga kidogo tu. Kuna mtu aliingia kwenye ramani akanichorea samaki juu ya shule ya msingi. — Marlys akamkata Sukari jicho. — Basi kwenye orodha ya majina nikachagua "Kila Mtu," nikaweka alama kwenye "Kataza."

— Ukamkataza nani?

— Si nimekwambia? Kila mtu.

Pahoua alimtazama kwa upole.

— Kwani wewe, dada, si mtu?

Sukari aliinamia kikombe kana kwamba jibu limezama humo. Marlys alikwisharuka ngazi mbilimbili kurudi ofisini. Folda ilikuwa yake, kwa hiyo ruhusa bado aliweza kuzibadili; ile alama akaing'oa, na kabla ya saa nne ramani nane zilikuwa mezani, zingali na joto la printa. Pahoua alichukua yake, akawasha gari, akatoka na chembe za theluji za kwanza.

Benchini, wale wawili walikuwa bado wanalitafutia jibu swali la Pahoua.