Aliyeomba Bila Kukatizwa

Wasifu huu umeandikwa na mjane. Unasomwa na mdogo wa marehemu, ambaye ameombwa asiruke hata mstari mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa tatu kati ya wanne. Siku ya ubatizo wake alilia ibada nzima. Mama yake alipenda kusema kuwa hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kusumbua kanisani.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1967, akajifunza useremala kwa mjomba wake. Mabenchi mnayokalia kila Jumapili ni kazi ya mikono yake. Yakiwaumiza mgongo, msizilaumu mbao. Alisema muumini akistarehe husinzia.

Alifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1976. Siku hizo alikuwa mcheshi, akiranda mbao huku akipiga mluzi, na mkewe alimpenda kupita kiasi. Kisha akaanza kukua kiroho. Mwaka wa kwanza aliacha mluzi, wa pili akaacha redio, wa tatu akaacha kucheka mezani. Nyuma ya nyumba akajenga chumba cha maombi, mlango wa mbao nene, komeo kwa ndani. Sheria ya chumba ilikuwa moja: aliyeanza kuomba hakatizwi mpaka aseme amina.

Tarehe 21 Agosti 1980, asubuhi, alikuwa humo amefunga siku ya pili, mkewe aliposhikwa na uchungu kabla ya wakati. Alijikokota mpaka mlangoni, akagonga.

"Mume wangu, fungua! Mtoto anakuja vibaya!"

"Mke wangu, usitumiwe na shetani. Nikimaliza nitatoka."

Alimaliza jioni. Mtoto alikuwa wa kike, naye alikuwa ameshakufa tangu saa sita mchana. Jeneza dogo alilitengeneza mwenyewe, akalipiga msasa mara tatu. Mjane anakiri lilikuwa zuri kuliko kitanda chao cha ndoa.

Agosti iliyofuata alitoa ushuhuda wa jinsi shetani alivyomgongea mlango naye asifungue. Kanisa zima lilisimama. Mwaka 1983 akachaguliwa mzee wa kanisa. Ushuhuda huo aliurudia kila Agosti, mara thelathini na tisa, mkewe akiwa benchi la mbele. Watu walipoitikia amina, naye aliitikia. Alichokuwa akingoja ni neno moja tu, pole.

Februari 2020 kiharusi kilimlaza. Mkewe alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani. Siku moja akamwuliza, "Ile siku, ulinisikia nikilia?"

"Nilikusikia vizuri sana," marehemu akasema. "Ndiyo maana thawabu yangu ni kubwa."

Tangu hapo mjane naye akaanza kukua kiroho. Kila mchana aliingia chumba kile kumwombea mumewe.

Jumanne, tarehe 11 Mei 2021, aliingia saa nane, akafunga komeo. Saa nane na nusu marehemu alianza kugonga ukuta kwa fimbo. Aligonga, akapumzika, akagonga tena. Mwishoni alimwita mkewe kwa jina la utani la siku za uchumba, ambalo hakuwa amelitamka tangu enzi za mluzi. Mjane alisikia kila pigo, na jina lake pia alilisikia. Lakini alikuwa hajafika amina. Alipotoka saa kumi, marehemu alikuwa ameshafariki, fimbo mkononi.

Wazee wenzake walipopewa habari kwamba alikata roho mkewe akiwa kwenye maombi, walimshika mkono wakamwambia, "Mama, kweli umekomaa kiroho." Mjane anawashukuru. Mwalimu wake alikuwa mmoja tu.

Marehemu ameacha mjane, mdogo wake, na watoto watano wa mdogo wake. Binti yake wa pekee alimtangulia, na kaburi lake ni hili la pembeni.

Kifuniko cha jeneza mnachokiona kimetengenezwa kwa mlango wa chumba cha maombi. Komeo halikubanduliwa. Safari hii liko nje.

Apumzike kwa amani, asikatizwe na mtu.