Karatasi ya Doto Ndaki

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Kama uko shambani, kaa kidogo kwenye tuta. Kama uko hapa Bariadi mjini, zima hiyo cherehani dakika chache, nguo za watu hazitakimbia. Leo tunamkumbuka mkulima wa pamba wa Kasoli aliyejaliwa sauti ya besi. Jina lake Doto Ndaki. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mitatu. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: Doto Ndaki wa Kasoli, miaka sitini na mitatu, amezikwa Jumamosi iliyopita.

Ukisikia Doto, ujue yupo Kulwa, pacha wake. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na ndiye aliyebaki. Juzi alikuja hapa studioni, akakaa mbele yangu, kofia mkononi. Mara mbili tulizima kinasa sauti ili afute macho. Haya nitakayosema ni ya Kulwa, mimi nayapitisha tu.

Walichunga ng'ombe wa baba yao pamoja. Walibatizwa siku moja, wakaoa mwaka mmoja. Mashamba yao yalipakana bila hata mstari wa mkonge katikati. Msimu wa kuchuma pamba ukifika, walianzia kwa Kulwa wakamalizia kwa Doto. Kanisani, Kulwa akawa mzee wa kanisa na Doto akawa mwalimu wa darasa la ubatizo.

Basi siku moja darasani, bibi mmoja aitwaye Kwandu, asiyejua kusoma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pale bustanini Yesu alipopiga magoti, alikuwa anamwomba nani?"

"Anamwomba Baba yake, mayu."

"Na Baba yake ni Mungu?"

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe ni Mungu?"

"Ndiyo."

"Na Mungu wako wangapi?"

"Mmoja."

"Haya. Nimeuliza tu, mwanangu."

Darasa likacheka. Doto hakucheka. Alisema, "Nitakujibu Jumapili ijayo, mayu." Wapendwa, Jumapili hiyo ilichukua miaka mitatu.

Doto aliisoma Biblia kama anavyochambua pamba kwenye turubai, safi huku, fifi yenye madoa kule. Yaliyoandikwa huku, yaliyosemwa na watu kule. Alilitafuta neno Utatu kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, hakuliona. Alimwona Musa anawaambia Waisraeli kwamba Bwana ni mmoja. Alimwona Yesu, Yohana sura ya kumi na saba, anamwita Baba yake Mungu wa pekee na wa kweli. Akaona Marko kumi na tatu, kwamba saa ya mwisho hata Mwana haijui, aijuaye ni Baba peke yake.

"Sasa kama ni Mungu yule yule," alimwuliza Kulwa, "imekuwaje mmoja anajua na mwingine hajui?"

Kulwa naye si mtu wa kutishwa kwa aya. Alimrudisha mwanzo wa Injili ya Yohana, kwamba Neno alikuwa Mungu. Akamkumbusha Tomaso, aliyemwita Yesu Bwana wangu na Mungu wangu. Akamalizia na yale maneno ya Yesu kwamba yeye na Baba ni umoja. Hapo Doto akacheka.

"Kulwa, wewe na mimi tumelala tumbo moja. Kijiji kizima kinatuita kitu kimoja. Lakini ukipigwa fimbo wewe, mimi siumii. Tuna umoja, ila tuko wawili."

Yashikeni hayo maneno ya fimbo, wasikilizaji. Tutakutana nayo mbele.

Mimi si mchungaji wala shehe. Nani alikuwa sahihi, sina ubavu wa kuamua. Ninachojua ni kilichofuata. Wazee wa kanisa walikaa, wakaamua Doto asifundishe tena, na atengwe mpaka atakapotubu. Barua ikaandikwa. Na aliyepewa kuisoma mbele ya watu alikuwa Kulwa. Pacha wake! Akaisoma yote hadi tarehe. Doto akasimama, akasema, "Nduhu tabu, ngosha. Hakuna shida. Umesoma vizuri." Akachukua baiskeli yake akaenda zake.

Miaka tisa. Nasema tena, miaka tisa hawakula sahani moja.

Hashimu, mwenye duka la pembejeo pale Kasoli, alidhani amepata ndugu. "Doto, si unasema Mungu ni mmoja? Msikiti uko hapo, karibu." Doto akamjibu, "Mungu ni mmoja, shehe wangu. Na Yesu ni Mwana wake, alikufa akafufuka, ndiye Bwana wangu. Bado unanitaka?" Hashimu akacheka mpaka akashika kaunta, halafu akammiminia chai. Ndivyo alivyoishi Doto. Huku hatakiwi, kule hatoshi.

Kila Jumapili alimpakia mkewe, Mektilda, kwenye baiskeli mpaka kanisani. Mektilda aliingia, yeye akabaki nje. Kwaya ikianza, besi iliingia dirishani. Wakifika ubeti wa Utatu, besi ilinyamaza. Ubeti ukiisha, besi ilirudi. Kulwa alikuwa anaisikia kutoka kwenye benchi la wazee.

"Ilikuwa inaniudhi ikinyamaza," aliniambia. "Sasa hivi natamani niisikie, hata ikinyamaza."

Wakawa wanasemezana kwa karatasi. Kulwa aliandika aya, akaiacha dukani kwa Hashimu. Doto alipita akaichukua, akaacha ya kwake. Sura na aya tu, salamu hakuna. Hashimu alishawaambia, "Nyie wazee, milango yenu inatazamana!" Hawakumsikia.

Mwezi uliopita Doto alivimba miguu. Figo zilikuwa zimechoka. Akalazwa hapa Bariadi. Alishalazwa mara mbili huko nyuma akarudi, kwa hiyo Kulwa hakushtuka sana. Jumatatu Mektilda akaacha karatasi dukani, na Hashimu, badala ya kusubiri, akaipeleka mwenyewe. "Hii ya ndugu yako." Kulwa akaitia mfukoni mwa shati. Hakuifungua.

Kwa nini hakuifungua? Hapo ndipo tulipozima kinasa sauti mara ya kwanza. Kulwa alikuwa hajaijibu karatasi iliyotangulia. Ilikuwa Wakorintho wa Kwanza, sura ya kumi na tano, kwamba mwisho wa yote Mwana mwenyewe atakuwa chini ya Baba. Aya ngumu. Kulwa hakutaka kupokea swali jipya akiwa na deni la swali la zamani. Akatafuta jibu Jumatatu. Akatafuta Jumanne, akatafuta Jumatano. Alhamisi asubuhi akalipata, akafurahi. Akachukua Biblia, akapanda bodaboda kwenda hospitalini akamwoneshe Doto. Njiani simu ikaita. Alikuwa Mektilda.

"Shemeji, Doto ametuacha."

Aliifungua karatasi pale pale kando ya barabara. Haikuwa na sura, haikuwa na aya. Iliandikwa hivi: "Kulwa, njoo. Usije na Biblia. Nataka tukae tu."

Baadaye alimwuliza Mektilda kwa nini hakupiga simu. "Mwenyewe alinikataza, shemeji. Alisema Kulwa anaheshimu karatasi."

Jumamosi watu walijaa. Wazee wa kanisa walikuja kama majirani, lakini walisema hawawezi kuongoza ibada ya mtu aliyetengwa. Hashimu na wenzake wa sokoni ndio waliochimba kaburi. Jeneza likashushwa, na hakuna aliyejua nani aanze. Mtu mmoja akamnyooshea Kulwa Biblia. Kulwa akatikisa kichwa.

"Nimeitwa nije bila Biblia."

Akasogea ukingoni. "Doto, nimekuja. Nimechelewa. Mimi bado naamini nilivyoamini, na wewe umeondoka na ulichoamini. Jibu sasa unalo wewe. Lakini lile la fimbo ulikosea, ndugu yangu. Umepigwa wewe, nimeumia mimi."

Akakaa chini, na suruali yake ya kanisani, kwenye udongo mbichi. Akakaa tu. Mmoja mmoja, watu wakakaa naye.

Wasikilizaji wapendwa, pole nyingi kwa Mektilda na watoto wake. Pole kwa Hashimu, ambaye duka lake limebaki bila karatasi. Pole kwako, Kulwa Ndaki, na wabeja kwa kutuamini. Najua unatusikiliza.

Na wewe uliyebaki na redio yako, kuna ndugu mmoja ambaye umekuwa ukimtafutia jibu siku nyingi. Jibu acha. Kama kuna karatasi yake mfukoni, ifungue leo.