Bartholomew Owori na Kompyuta Isiyosikika

Tarehe 31 Julai mwaka huu, baada ya miaka ishirini na minane ya kutufukuza studioni, Bwana Bartholomew Owori anastaafu kazi ya fundi mkuu wa Redio Majirani, hapa Busia. Ukikohoa, nje. Ukivuta kamasi, nje. Mtangazaji wetu Swabur aliwahi kutolewa katikati ya taarifa ya habari kwa kosa la tumbo kunguruma, na wasikilizaji wakapigiwa muziki mpaka tumbo lilipotulia.

Alikuja mwaka 1998 na bisibisi mbili. Ndiye aliyetuhamisha kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta, na ndiye wa kwanza kuichukia kompyuta hiyo, maana feni yake iliingia katika kila kipindi. Msikilizaji mmoja wa upande wa Kenya alipiga simu kuuliza kama tunatangazia kwenye mashine ya kusaga mahindi. Sisi tulicheka. Owori hakula chakula cha mchana.

Mwaka jana jambo hili lilimfuata nyumbani. Mama yake, Mama Athieno wa Kirewa, ana miaka themanini na saba, na nyimbo za palizi alizofundishwa na bibi yake hakuna mwingine anayezijua zote. Sauti yake ilikuwa inakauka, na daktari alisema haitarudi. Aliweza kuimba mara moja tu kwa wiki, kwa sauti ndogo ambayo feni yoyote ya kawaida ingeimeza. Owori akaamua kugeuza chumba cha wageni cha nyumba yake kule Masaba kuwa studio, na kuunda kompyuta isiyosikika.

Hapo ndipo fundi wetu mwenye vyeti vitatu alipoifunika kompyuta kwa vipande vya godoro pande zote, kama mtu anayetunza chai isipoe. Kweli ilinyamaza. Ilinyamaza dakika kumi na tisa, kisha ikazimika kwa joto katikati ya wimbo wa tatu, na yote yaliyorekodiwa yakapotea. Mkewe, Amulen, aligusa lile godoro akauliza, "Mzee, wewe narekodi ama napika?" Wiki ile nzima Owori hakumfukuza mtu yeyote studioni. Tuliingiwa na wasiwasi.

Akavuka mpaka, akarudi na kasha pana lenye matundu mbele na nyuma, kipande cha alumini cha kunyonya joto chenye ukubwa wa tofali, na feni tatu pana zinazozunguka polepole. Alitueleza, hata sisi ambao hatukuuliza, kwamba feni kubwa ya polepole husukuma hewa nyingi bila kelele, mradi hewa baridi iingie mbele na ya moto itoke nyuma bila kuzuiliwa. Chini aliweka vipande vya mpira wa baiskeli ili kasha lisitetemeke. Kwenye matundu ya mbele alivisha soksi ndefu za nailoni kuzuia vumbi la malori. Amulen aliyajua ya soksi Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani.

Siku ya kurekodi ilipofika, mama aliketi mbele ya maikrofoni, akaitazama kompyuta, akakataa kuimba. Alisema kitu hicho kimekufa, na yeye haimbii maiti. Fundi aliyetafuta ukimya kwa miezi mitatu ikabidi amwonyeshe mistari ya sauti yake ikirukaruka kwenye skrini kila alipolalamika. Alipoamini, aliimba nyimbo tisa. Hiyo ilikuwa Februari mwaka huu, na hajaweza kuimba tena tangu siku hiyo.

Tumeisikiliza rekodi hiyo, ofisi nzima. Kompyuta haisikiki kabisa. Mama anasikika mpaka pumzi anayovuta kabla ya kila ubeti. Kisha, mwisho wa wimbo wa tisa, anasikika waziwazi mwanamume mtu mzima akivuta kamasi. Owori ametuomba mara nne tuikate sehemu hiyo. Tumekataa.

Mzee Owori, asante kwa masikio yako, na hata kwa ukali wako, ambao tutaukosa sana. Tunakutakia mapumziko mema huko Masaba, karibu na mama na mbali na magodoro. Ukija kututembelea, ingia moja kwa moja studioni ukae nasi. Ukivuta kamasi, hatutakutoa nje.

Sakinah, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako