Lokaale na Blanketi Nyekundu ya Natabo

Marehemu Petro Lokaale Lotukoi alizaliwa Kipsing mwaka wa 1934. Shule aliingia akiwa kijana mkubwa, akatoka darasa la nne ng'ombe walipokosa mchungaji. Kusoma alijua, hesabu alijua. Kunyamaza ndiko hakujua kabisa.

Mwaka wa 1961 aliajiriwa na idara ya mifugo hapa Isiolo, kubeba chanjo za ng'ombe katika sanduku la barafu. Miaka miwili baadaye alimwoa Jecinta Natabo, na kati ya zawadi za harusi kulikuwa na blanketi nyekundu.

Mwaka wa 1976 daktari wa macho alimwomba apeleke Nairobi macho ya marehemu mmoja aliyeagiza kabla ya kufa kwamba yatolewe, ili kipofu ashonewe ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Petro, kwa kuzoea chanjo, akashindilia barafu mpaka juu. Lo! Macho yaliganda, yakaharibika. Mama aliyekuwa akiyangoja alirudishwa kwao haoni. Petro hakula siku mbili. Daktari akamfundisha: yawe baridi, lakini yasiguse barafu.

Safari iliyofuata alifunga chupa ya macho kwa kipande cha ile blanketi nyekundu.

"Wee Lokaale, sasa tutajifunika nini?" Natabo akamuuliza.

"Kipande tu, mama Ekai."

Kipande tu kila safari, kwa miaka kumi! Hakuna macho mengine yaliyoganda mikononi mwake, na blanketi ikabaki ya kufunika mtoto mchanga.

Alianza kuugua moyo mwaka wa 1985. Alituacha Jumatatu, tarehe 9 Machi 1987, saa nne asubuhi, akiwa ameagiza macho yake yatolewe. Daktari alikuwa na saa chache tu za kuyatoa, na Ewoi, ndugu ya Petro, alikataa katakata. "Atatuonaje huko mbele?"

Natabo alileta kile kilichobaki cha blanketi, akakiweka mezani. "Shemeji, yule mama aliyerudi kwao haoni alimuuma moyoni mpaka leo. Mwache amalize safari yake."

Ewoi alilia sana. Kisha akalibeba sanduku la barafu mwenyewe mpaka garini.

Ameacha mjane, Natabo. Watoto wake, Ekai na Peris. Ndugu yake, Ewoi. Na wajukuu wanne ambao aliwaharibu kwa peremende.

Lokaale wetu, pumzika sasa, usiwe na wasiwasi. Jana simu ilikuja kutoka Nairobi. Hayakuganda.